Migomba na Mibuni Katika Kibanja, na Minyauko Yake Miwili



Ukisimama mlangoni mwa nyumba yako hapa Rubya, au Nshamba, au Kamachumu, unaona mimea miwili ambayo imekaa pamoja tangu zama za babu zako. Mgomba ndio chakula cha nyumba. Mbuni ndio fedha ya ada ya shule, ya mabati na ya matibabu. Imesogeleana hata majani yake yanagusana; inakula samadi moja, na inafunikwa kwa nyasi zile zile zilizokatwa rweya. Kwa hiyo si ajabu watu wengi kuidhania kuwa ni kama ndugu wa nyumba moja, na kwamba homa ikiingia, wote wataugua.

Dhana hiyo imeleta hasara. Katika muda wa miaka 10 hivi, vibanja vya Kagera viliingiliwa na minyauko miwili. Wa kwanza ni wa mibuni, uliothibitishwa mkoani humu mwaka 1997. Wa pili ni wa migomba, ulioonekana katika Wilaya ya Muleba katika miaka ya 2005 na 2006. Yote miwili huitwa mnyauko tu, na yote miwili huanza kwa majani kugeuka manjano na kulegea. Basi mkulima akiona mgomba umenyauka, na baada ya muda mbuni ulio karibu umenyauka pia, husema: ugonjwa umehama. Hapo mmoja hung'oa mibuni mizima ili aokoe migomba, na mwingine huuacha mgomba mgonjwa umesimama kwa sababu anadhani ubaya umo katika mbuni. Wote wawili wanapoteza mali bure.

Mnyauko wa mgomba hauwezi kuingia katika mbuni, wala mnyauko wa mbuni hauwezi kuingia katika mgomba. Katika karatasi hii tutakueleza sababu yake. Huenda ukasema, "Nipe amri tu, niambie nikate wapi." Lakini wazee wa Bukoba wanakumbuka kwamba mwaka 1937 yalitokea machafuko juu ya sheria za kutunza kahawa. Mkulima anayejua sababu hufanya kazi hata siku ambayo Bwana Shamba hayupo.

UDUGU WA MBALI

Mimea yote yenye maua ina asili moja, kama vile koo nyingi zinavyoweza kuwa na babu mmoja wa kale. Lakini babu wa mgomba na mbuni ni wa kale mno: koo zake ziliachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Tangu hapo kila ukoo umejijengea mwili wake kwa namna yake.

Unaweza kuuona utengano huo kwa macho yako bila darubini. Panda punje ya hindi na punje ya harage katika kopo moja. Hindi hutoa jani moja jembamba lililojikunja kama msumari. Harage huinuka na vipande viwili vinene, kimoja huku na kimoja huku. Sasa nenda kwenye kitalu cha kahawa. Mche wa mbuni huinuka kwanza ukiwa umebeba mbegu kichwani kama askari aliyevaa kofia, kisha kofia hufunguka na kuwa majani mawili ya mviringo. Basi mbuni ni wa upande wa harage. Mgomba ni wa upande wa hindi, pamoja na nyasi za rweya unazozikata kwa matandazo, na ndugu yake wa karibu zaidi katika bustani yako ni tangawizi. Mbuni nao una ndugu usiowatazamia: mti wa kwinini, ule unaotoa dawa ya malaria, ni wa jamaa moja na kahawa.

Mbuni ni mti. Kata tawi lake utaona gome, na chini ya gome utando wa kijani wenye unyevu, kisha mbao. Ule utando ndio unaonenepesha mti mwaka hadi mwaka, na kwa hiyo mbuni uliotunzwa huzaa miaka mingi, akaurithi mtoto wako.

Mgomba si mti, hata ukiwa mrefu kupita nyumba. Ni jani kubwa. Kile unachokiita shina ni makumba ya majani yaliyofungana, moja ndani ya jingine. Unaweza kuyabandua mpaka ufike katikati. Hauna gome wala mbao. Shina lake la kweli ni kile kisiki kinene kilicho udongoni, ambacho mizizi na machipukizi hutokea. Ua nalo huanzia huko chini, likapanda taratibu katikati ya makumba mpaka likatokea juu na kuinama. Mgomba ukishazaa mkungu mmoja umemaliza kazi, nao hufa. Wanaobaki ni watoto wake walioshikamana na kisiki kile kile.

Maua yake nayo hayafanani kwa lolote. Mbuni hungoja. Machipukizi ya maua hukaa kimya wakati wa kiangazi, na mvua ya kwanza nzuri ikinyesha, baada ya siku chache kibanja chote hugeuka cheupe na kunukia. Maua hayo hudumu siku mbili tatu tu. Kahawa yetu ya robusta haiwezi kujizalisha kwa unga wa ua lake yenyewe. Sharti unga utoke kwa mbuni mwingine ambao si wa namna ile ile, ukiletwa na upepo au nyuki. Ndiyo maana miche ya robusta iliyooteshwa kwa mbegu hutofautiana: huu unazaa sana, huu hauzai, huu una punje ndogo. Mama ni mmoja lakini baba ni wengi.

Mgomba hauna haja na baba. Ndizi zetu za kupika hujazika zenyewe bila unga wa ua, na hazina mbegu. Chipukizi unalompa jirani ni mgomba wako ule ule, na huko nyuma ulikuwa mgomba wa bibi yako. Hilo ni jambo jema kwa ladha, maana ndizi haibadiliki. Kwa ugonjwa ni jambo la hatari. Ugonjwa unaouweza mgomba mmoja huiweza na mingine yote, kwa kuwa yote ni kama mmoja.

KWA NINI UGONJWA HAUVUKI

Kimelea cha ugonjwa hakiingii mahali popote kinapopaona. Ni kama ufunguo: umechongwa kwa kufuli moja, au kwa makufuli yanayofanana sana. Kufuli la mgomba na la mbuni hayafanani hata kidogo.

Mfano mzuri unatoka Ethiopia. Huko watu hulima mmea uitwao ensete, unaofanana sana na mgomba nao ni wa jamaa moja nao. Hawali matunda yake, bali hula unga wa kisiki na makumba. Mnyauko unaosumbua migomba yetu ulielezwa kwanza na wataalamu katika ensete mnamo miaka ya 1960, na baadaye ukaonekana katika migomba ya huko huko. Kutoka ensete kwenda mgomba ni hatua fupi, kama mtu anayevuka kwenda kwa binamu yake. Mwaka 2001 uligunduliwa Uganda, kisha ukatufikia sisi. Lakini Ethiopia ndiyo nchi ya kahawa, na katika sehemu nyingi ensete na mibuni hukaa bustani moja, kama kibanja chetu. Katika miaka yote hiyo ugonjwa wa ensete haukuigeukia kahawa.

Upande wa kahawa kuna ushahidi mkali zaidi. Mnyauko wa mibuni ulionekana mara ya kwanza mwaka 1927, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukaangamiza mashamba mengi ya Afrika ya kati na magharibi. Ulionekana Uganda mwaka 1993. Kimelea kinachoua robusta huku kwetu hakisumbui arabika, na kile kinachoua arabika Ethiopia ni cha namna nyingine. Nayo arabika ni mtoto wa robusta! Ilizaliwa zamani sana kwa kuchanganyika kwa robusta na mbuni mwingine wa mwituni. Ikiwa ugonjwa unashindwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, utawezaje kuvuka kwenda kwa mgomba, ambao ni jamaa ya nyasi?

Jihadhari na jina moja linalopoteza watu. Mnyauko wa kahawa huitwa mnyauko fuzari. Kuna pia ugonjwa wa zamani wa migomba, ambao wengine huuita Panama, nao husababishwa na kuvu wa ukoo huo huo wa fuzari. Hupenda sana ndizi kisukari na kayinja. Mtu akisikia "fuzari" huku na "fuzari" kule hudhani ni kitu kimoja. Sivyo. Ni kuvu wa aina mbili, kila mmoja na mmea wake.

JINSI YA KUTAMBUA

Kwa kuwa miili ya mimea hii imejengwa mbali mbali, namna ya kuupima ugonjwa nayo ni tofauti.

Ukishuku mbuni, usiangalie majani tu, kwa maana mbuni wenye njaa au uliokaukiwa na maji nao huwa manjano. Tazama kama majani yanalegea, yanajikunja na kudondoka, na kama ugonjwa ulianza upande mmoja wa mti au shina moja kati ya mashina kadhaa. Tazama buni: katika mti mgonjwa huiva kabla ya wakati, hukauka, na hubaki zikining'inia kwenye matawi makavu. Kisha chukua kisu, kwangua gome karibu na ardhi. Mbao ya mbuni mzima ni nyeupe. Ukiona michirizi ya rangi ya bluu iliyoiva kuelekea nyeusi chini ya gome, huo ndio mnyauko fuzari.

Ukishuku mgomba, hakuna gome la kukwangua. Kata ndizi moja ya mkungu. Katika mgomba wenye mnyauko wa bakteria, ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpango, chana moja imeiva na nyingine mbichi, na nyama yake ndani ina madoa ya kahawia. Ua dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu, husinyaa na kukauka. Kata shina usubiri dakika chache: ute wa manjano hutoka kwenye mkato, kama usaha. Ute huo ni bakteria wenyewe, maelfu kwa maelfu. Katika ugonjwa wa Panama hutauona. Hapo utaona majani ya chini yakianza kuwa manjano kwenye kingo, shina likipasuka karibu na ardhi, na michirizi myekundu ya kahawia ndani ya shina, lakini ndizi hazina uozo ndani.

Usipouona ute, usikate shauri haraka. Mgomba unaweza kunyong'onyea kwa sababu ya fukusi waliokula kisiki, au kwa udongo uliochoka. Udongo wetu wa kando ya Ziwa ni wa kichanga, wenye uchachu, na mvua nyingi huuosha rutuba. Mgomba wa namna hiyo unahitaji samadi, wala hauhitaji panga.

KUTIBU MGOMBA

Dawa ya kunyunyizia haipo. Usimnunue mtu anayekuuzia chupa.

Bakteria huingia katika mgomba kwa milango miwili mikubwa. Mlango wa kwanza ni ua dume. Kila ganda la ua linapoanguka huacha kidonda kibichi chenye utamu. Nyuki na wadudu wengine hutua hapo, wakitoka kwenye ua la mgomba mgonjwa. Nyuki yule yule aliyeipa kahawa yako unga wa kuzaa anaweza kuupa mgomba wako mauti. Usiwaue nyuki, maana bila wao kahawa itapungua. Funga mlango. Mara chana ya mwisho ikishatokea, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda: ingiza panda kwenye mkocha wa ua, zungusha mpaka livunjike. Usitumie kisu wala panga, kwa sababu hapo utakuwa unabeba bakteria kutoka mkungu hadi mkungu. Kazi hii haina gharama, na mtoto mkubwa anaweza kuifanya akitoka shuleni. Mkungu wenyewe haupotezi kitu, kwa kuwa ua dume halizai ndizi.

Mlango wa pili ni panga lako. Hapa ndipo wakulima wengi hodari wanapoanguka, maana mkulima hodari ndiye anayepunguza majani na kuondoa machipukizi mara kwa mara. Akikata mgomba mmoja mgonjwa asiujue, huambukiza 20 kabla ya jua kutua. Pitisha panga kwenye moto mpaka lisishikike kwa mkono, kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Wengine hutumia dawa ya kufulia ya jiki, sehemu 1 kwa sehemu 5 za maji. Moto hauna udanganyifu, nao haununuliwi dukani.

Ukikuta mgomba mgonjwa, ukate wote usawa wa ardhi, urundike hapo hapo kibanjani uoze. Usipeleke majani yake kwa mbuzi wa jirani, wala usiyafungie mkungu wa kwenda sokoni. Zamani wakulima waliamriwa kung'oa shina lote pamoja na watoto wake, kazi nzito ambayo wajane na wazee hawakuiweza, na wengi waliiacha nusu. Baadaye ilionekana kwamba bakteria hawafiki kila mara kwa watoto wote wa kisiki kimoja. Kwa hiyo siku hizi shauri ni kukata ule unaougua tu, mara tu dalili inapoonekana, na kurudi kuangalia kila wiki. Ukikatia kibanja chote bila kuruka, ugonjwa hupungua mwezi hadi mwezi. Ukiruka pembe moja, pembe hiyo itarudisha yote.

Usitoe wala kupokea machipukizi kutoka kibanja chenye ugonjwa. Tunajua hili ni gumu. Kwa desturi yetu huwezi kumnyima shemeji chipukizi la mgomba mwema. Lakini ukimpa ugonjwa hukumpa zawadi.

KUTIBU MBUNI

Hapa njia ni nyingine kabisa. Mbuni wenye mnyauko fuzari haurudi. Kuukata juu na kungoja uchipue, kama unavyofanya kwa mbuni mzee, ni kuutunzia kuvu nyumba. Ung'oe na mizizi yake, uuchome moto pale pale uliposimama. Usiuburute kupita katikati ya mibuni mizima, na usiufanye kuni. Tunasisitiza habari ya kuni kwa sababu mbao ya mbuni huwaka vizuri, na huuzwa na kugawiwa. Hivyo kuvu husafiri kutoka kijiji hadi kijiji kichwani mwa watu.

Kuvu huyu huingia kwa vidonda karibu na ardhi. Jembe ndilo adui. Mbuni una mzizi mkuu unaokwenda chini, lakini mizizi mingi ya kulia chakula iko juu juu, na mizizi ya mgomba nayo iko humo humo, kama kamba zilizotandazwa chini ya matandazo. Kwa jambo hili moja mimea yetu miwili inakubaliana: yote inachukia jembe. Tandaza nyasi nene, lakini ziache mbali kidogo na shina la mbuni. Magugu yanayobaki yang'oe kwa mkono au yafyeke. Panga la kupogolea lipitishwe motoni, sawasawa na la migomba.

Pale ulipong'oa mbuni mgonjwa, usipande mbuni mwingine upesi. Ngoja miaka 2 ukiweza. Lakini nafasi hiyo isikae bure. Sasa utaona faida ya kujua udugu wa mimea: mahali pale unaweza kupanda mgomba kesho yake, kwa kuwa kuvu aliye udongoni hana ufunguo wa mgomba. Maharage na mahindi pia yanafaa. Na kadhalika, pale mnyauko wa bakteria ulipomaliza migomba, usiisogelee kwa migomba mipya kwa muda wa miezi 6 au zaidi, lakini mibuni iliyopo iache isimame, izidi kuzaa. Familia isiyo na mkungu mwaka huu itahitaji hiyo kahawa kununulia chakula. Kuing'oa kwa hofu ni kujitia njaa mara mbili.

Ukiwa tayari kupanda tena, tafuta miche ya vikonyo badala ya kuokota miche iliyojiotea chini ya mti. Kikonyo ni kipande cha mbuni mteule kilichooteshwa mizizi, nacho hufanana na mama yake kama chipukizi la mgomba linavyofanana na mgomba. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, katika kituo chake cha Maruku, imetoa robusta bora zenye majina Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Uliza kituoni, au umuulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata, ni ipi inayostahimili mnyauko na inayofaa mahali pako. Usichukue aina moja tu hata kama jirani ameisifu sana. Kumbuka kwamba robusta haijizalishi. Kibanja chenye kikonyo cha aina moja peke yake kitachanua cheupe chote, nyuki watakuja, na buni zitakuwa chache. Changanya aina 3 au 4 mistari kwa mistari.

Ukiona dalili yoyote kati ya hizi tulizozieleza na huna hakika, kata kipande cha ndizi yenye doa, au kwangua gome la mbuni, kisha umwite Bwana Shamba aje alione pale pale kibanjani. Usimpelekee sampuli ofisini kwa kupita njia ya vibanja vya watu.